Bwawa lililo nyuma ya Gongo la Mboto

Noah ya kukodi iliondoka Mbagala Rangi Tatu saa 12:15 asubuhi, Jumamosi ya mwezi Julai, ikiwa na watu sita wa familia moja, mahema mawili ya kuazima, mtungi mdogo wa gesi, madumu matatu ya maji na ugomvi wa mke na mume ambao haukuwa umekwisha.

Mama, fundi cherehani, hakuwa na neno na msitu. Neno lake lilikuwa bwawa. Wakati wa masika, shimo lililoachwa na wachimba mchanga mtaa wa pili kutoka kwao lilijaa maji, na watoto wakaligeuza mahali pa kuogelea. Mtoto wa jirani, wa darasa la nne, alizama humo jioni moja baada ya shule. Wenzake watano walikuwapo, akiwamo mtoto wa kiume wa mama huyu, mwenye miaka tisa. Alirudi nyumbani akiwa mkavu. Hakuingia majini, alisimama ukingoni akaona. Tangu siku hiyo mama yake hakumruhusu hata kuteka maji peke yake kwenye pipa.

Baba, fundi wa majokofu, aliliona jambo kwa namna nyingine. Mtoto wa Dar es Salaam hawezi kuyakimbia maji maisha yake yote, alisema. Bahari ipo, mito ipo, na mashimo ya mchanga yanaongezeka kila mwaka. Afadhali ayajue akiwa na wazazi wake kuliko kuyafuata kwa kujificha. Kwa hiyo akachagua bwawa la Minaki, ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe. Na kwa kusema ukweli, ndiko mfuko wake ulikofika.

Watoto walikuwa watatu: binti wa miaka 13, kijana wa miaka tisa na kitinda mimba wa miaka minne. Wa sita alikuwa babu, baba mzazi wa mama, mtu wa Utete, Rufiji, aliyekuja Dar es Salaam kutibiwa macho akaambiwa apande gari bila kuelezwa vizuri anakwenda wapi.

Wakazi wengi wa Temeke na Kinondoni wakisikia kulala kwenye mahema hufikiria Mikumi, Uluguru au Lushoto, yaani safari ya kuombea likizo na kuvunja kibubu. Pugu iko karibu mno kiasi kwamba haihesabiki. Kutoka Mbagala njia fupi ni kupitia Chamazi, Mbande na Chanika, hadi Pugu Kajiungeni. Anayetoka Tegeta au Bunju atashuka hadi Tazara na kufuata Barabara ya Nyerere, kupita uwanja wa ndege na Gongo la Mboto. Wa Mbezi hukata Malamba Mawili na Kinyerezi wakatokea Banana. Asiye na gari hupanda daladala za Gongo la Mboto, kisha za Kisarawe. Kwa foleni ya siku ya kazi hiyo ni safari ya kuchosha. Kwa Jumamosi alfajiri, familia hii ilikuwa imeshapita harufu ya mnada wa ng'ombe wa Pugu kabla ya saa mbili.

Baada ya Kajiungeni barabara inaanza kupanda. Hivi ni vilima, havifiki mbali zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyekulia chini ya Uluguru ataviita vichuguu. Lakini kwa mtoto aliyezaliwa Mbagala, ambako mwinuko mkubwa ni ngazi za daraja la waenda kwa miguu, ni mlima. Masikio ya kitinda mimba yaliziba, au alisema yameziba. Hewa ikapoa. Kushoto na kulia nyumba zikapungua, na miti ikaanza.

Msitu huu una zaidi ya hekta 7,000, na kwa hakika ni misitu miwili iliyounganishwa, Pugu na Kazimzumbwi, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Ni sehemu ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, mabaki ya msitu wa kale sana, wenye mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani. Kwamba umebaki ni jambo la kushangaza. Kwa miaka mingi jiji lilipikia mkaa uliotoka kwenye vilima hivi, na sehemu kubwa ilikatwa hadi ikabaki vichaka. Baba alipolieleza hilo garini, binti yake alitazama mtungi wa gesi uliokuwa miguuni pake na kuuliza kama wali wa bibi yake wa zamani ulipikwa na mti wa huku. Hakuna aliyemjibu, lakini hesabu yake haikuwa mbaya.

Vilima hivi vina kumbukumbu nyingine pia. Julius Nyerere alikuwa mwalimu Pugu kabla ya kuacha kazi hiyo mwaka 1955 ili ashughulikie TANU, na Minaki ni jina la shule kongwe iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana. Wazee wengi waliosoma huko wanaujua msitu huu kuliko wanavyoijua Kariakoo ya leo.

Malipo ya kuingia hifadhini hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu, na ni vizuri kupiga simu ofisini siku kadhaa kabla ili kujua viwango vya raia, nafasi ya kupiga mahema na kama kuna mwongozo. Familia hii ilifanya hivyo Jumatano. Jambo ambalo haikufanya ni kuangalia hema moja kama lina vigingi vyote. Halikuwa navyo, na baba alitumia nusu saa kuchonga vingine kwa kisu cha jikoni kutoka kwenye mti uliokwisha kuanguka, huku babu akimwelekeza na kumcheka.

Kisha wakaliona bwawa.

Minaki si ziwa kubwa. Mtu anaona ng'ambo bila shida. Maji yametulia katikati ya vilima vyenye miti, rangi yake kijani iliyokolea chini ya kivuli na ya shaba kwenye jua. Kereng'ende walikuwa wakipita juu yake, na mdiria, yule ndege mdogo wa buluu anayevua samaki, alikaa kwenye tawi akijitupa majini mara kwa mara. Kwa mtu aliyetoka kwenye kelele za bodaboda na spika za dukani, kitu cha kwanza anachokiona ni ukimya. Kitinda mimba aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu amelala.

Mama alisimama mbali, mkono wake ukiwa begani mwa kijana wake. Alikuwa ameshika nguo yake, si bega.

Mahema yalisimikwa mbali na ukingo, juu kidogo, mahali ambapo mtoto anayeamka usiku kwenda haja hawezi kufika majini bila kupita mlangoni mwa wazazi wake. Kila mzazi anayepiga hema karibu na maji afanye hivyo kabla ya kuangalia mandhari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Watu wengi hudhani anayezama hupiga kelele na kupunga mikono. Mara nyingi hafanyi hivyo. Mdomo uko usawa wa maji, pumzi yote inatafuta hewa, sauti haitoki. Dakika mbili tatu zinatosha, na mtu mzima aliyekaa hatua kumi akisoma ujumbe kwenye simu anaweza asisikie chochote. Ndiyo sababu wazazi hawa walipeana zamu: mmoja akimwangalia mtoto mdogo hapiki, hapigi picha, hashiki simu. Anayemaliza zamu anamkabidhi mwenzake kwa kutamka, "Yuko kwako." Baba aliona ni kama kazi ya ulinzi. Mama alisema ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Saa saba mchana jua lilipanda na kijana akavua fulana.

Hakusema kitu. Aliteremka taratibu hadi kwenye matope ya ukingoni na kusimama, kama alivyosimama siku ile. Upande wa pili, vijana wawili wa kikundi kingine walikuwa wameingia majini hadi magotini kufuata mpira wao. Kijana aliwatazama wao, kisha akatazama maji. Mama yake alipiga kelele iliyofanya kima waliokuwa juu ya miti wanyamaze. Baba akasema mwache. Ugomvi wa garini ukaanza upya, sasa mbele ya watoto.

Aliyeumaliza ni babu. Alishuka na fimbo yake, akakaa juu ya gogo, akamwita mjukuu wake akae naye. Akamuuliza kama anajua mkojo wa mwanamume una rangi gani. Mtoto akacheka. Babu akamwambia kwamba kijijini kwao Rufiji, alipokuwa na umri kama huo, wa kwake ulikuwa mwekundu. Wenzake wengi pia. Walishinda kwenye mabwawa ya mpunga, wakivua na kuogelea, na damu ilipoanza kuonekana mwishoni mwa haja ndogo waliona fahari. Waliambiana kuwa wamekua, kama dada zao. Hakuna aliyempeleka mwenzake zahanati. Kaka yake mkubwa aliendelea kukojoa damu hadi utu uzima, na alifariki kwa saratani ya kibofu kabla ya kufika miaka 50.

Mama hakuwahi kuisikia habari ile. Alijua baba yake mkubwa alikufa kwa "tumbo".

Kilichowapata wazee hao ni kichocho cha mkojo, ugonjwa ambao ukanda wa pwani unaujua tangu zamani. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, ndiye aliyemgundua mnyoo wake mwaka 1851 akiwa Cairo, na Misri ya kale iliujua kabla yake. Mzunguko wake ni rahisi na wa kijanja. Mgonjwa anakojoa majini au pembeni mwa maji. Mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia ndani ya konokono mdogo wa maji baridi, vinazaliana humo kwa wiki kadhaa, kisha vinatoka kwa maelfu vikitafuta ngozi ya binadamu. Haihitajiki kuyanywa maji. Haihitajiki kuwa na kidonda. Kusimama kwenye maji kwa dakika chache kunatosha, na saa mbaya zaidi ni zile za jua kali, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kwa sababu mwanga na joto ndivyo vinavyowatoa vijidudu kwenye konokono. Yaani saa zilezile ambazo kila mtoto hutamani kuogelea.

Bahari haina tatizo hili. Konokono hawa hawaishi kwenye maji ya chumvi. Bwawa la kuogelea lenye dawa ya klorini nalo halina. Lakini bwawa, kijito, mfereji au dimbwi la maji baridi popote pwani, maji yakiwa yametulia na yana majani ukingoni, mzazi ayahesabu kuwa na kichocho. Uzuri wa maji hausemi chochote. Konokono hupenda maji yanayoonekana masafi.

Kijana alimuuliza babu yake, "Na wale?" akiwaonyesha vijana wenye mpira. Babu akainuka, akawafuata polepole kwa fimbo yake. Aliongea nao muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, na walitoka majini wakicheka, lakini walitoka.

Swali la mama lilikuwa la vitendo zaidi: mtoto akishaingia, anapewa dawa usiku huohuo? Jibu ni hapana, na wengi hukosea hapa. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ndiyo hiyohiyo ambayo watoto hupewa shuleni kwa kupimwa urefu kwenye fimbo, na ni nzuri kweli. Ila inaua minyoo iliyokomaa, si michanga. Ikimezwa siku ya pili baada ya kuogelea haifanyi kazi yake. Anayeshuku aliingia maji ya mashaka asubiri wiki sita hadi nane, apimwe mkojo, na mkojo huo ni vizuri ukachukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi. Muwasho wa ngozi siku ya kwanza, au homa isiyo na malaria wiki kadhaa baadaye, ni sababu ya kumwambia mhudumu wa afya, "Mtoto huyu aliogelea bwawani." Sentensi hiyo isiposemwa, mara nyingi hakuna atakayefikiria kichocho. Kwa mabinti ni muhimu zaidi, kwa sababu mayai yanaweza kukaa kwenye shingo ya kizazi, na vidonda vyake hudhaniwa kuwa magonjwa ya zinaa hata kwa msichana ambaye hajawahi kukutana na mwanamume.

Basi mtu anakwenda bwawani kufanya nini, kama haogelei? Hili ndilo lililomsumbua baba, aliyeona mpango wake umekufa saa saba mchana. Ikawa kuna mengi. Walivua samaki kwa ndoano kutoka ukingoni, wamevaa viatu, na binti alipata samaki wawili wadogo mno hata paka wa nyumbani angewakataa. Walizunguka njia ya msituni na mwongozo, mwendo wa saa mbili. Waliona mashimo ya zamani ya udongo mweupe wa kaolini, ambayo sasa ni makazi ya popo wengi. Watalii hupenda kuingia ndani. Familia hii ilisimama nje, na ni uamuzi mzuri. Vumbi la kinyesi cha popo linaweza kuumiza mapafu, na popo aliyeanguka chini hashikwi kwa mkono wowote, wa mtoto wala wa mtu mzima. Jioni wanapotoka kwa wingi kwenda kutafuta chakula, mtu huona mengi zaidi akiwa nje.

Watoto walikimbia. Hili halionekani kuwa la maana mpaka mtu ahesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka mitano hadi 17 apate angalau dakika 60 za mazoezi ya viungo kila siku, na mtoto wa mtaa uliobanana, wenye uwanja uliouzwa viwanja, anazipata wapi? Macho nayo yana haki yake. Utafiti uliofanyika Guangzhou, China, na kuchapishwa mwaka 2015, uliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 yao walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, wakati wenzao ambao hawakuongezewa walifikia asilimia 39.5. Si miwani wala dawa. Ni mwanga wa nje. Binti wa miaka 13, ambaye simu yake ilikuwa imeishiwa chaji tangu saa tisa, alikuwa mfano hai ingawa si kwa hiari.

Jua lilipozama, kazi ikawa ya mbu. Mbu waenezao malaria huuma usiku, na hema lenye zipu mbovu ni mtego wa kuwafungia ndani, si kinga. Vyandarua vyenye dawa vilifungwa ndani ya mahema, watoto wakavaa mikono mirefu kabla ya giza, si baada ya kuumwa. Mbu wa dengi, ule ugonjwa ulioliandama jiji mwaka 2019, huuma mchana na hupenda matairi na makopo ya nyumbani kuliko msitu, hivyo kwa upande huo Mbagala ni hatari kuliko Pugu. Kabla ya kulala kila mtoto alikaguliwa kupe nyuma ya masikio, kwapani na kiunoni. Viatu viliwekwa ndani. Tochi ilikaa mahali pamoja panapojulikana. Kuhusu nyoka, kanuni ni fupi: hakatwi mtu palipoumwa, hafyonzwi, hafungwi kamba. Analazwa, anatulizwa, kiungo hakichezeshwi, anapelekwa hospitali. Ya wilaya iko Kisarawe mjini, si mbali. Hakuna nyoka aliyeonekana.

Walichosikia usiku ni komba. Msitu huu ni mmoja wa misitu michache duniani anakoishi komba wa Rondo, mnyama mwenye uzito wa gramu 60 hivi, mwenye macho makubwa kama vifungo vya koti. Jina lake limetoka kwenye nyanda za Rondo mkoani Lindi. Kama sauti ile ilikuwa yake au ya binamu yake mkubwa, mwongozo hakutaka kuapa. Kitinda mimba aliamua ni mtoto analia amepotezwa na mama yake, na ikabidi abebwe mpaka alale.

Mama hakulala. Saa nane usiku alikuwa amekaa mlangoni mwa hema akitazama maji, ambayo usiku ule yalikuwa na mwezi ndani yake. Mumewe akatoka akakaa naye. Kitu walichozungumza hawakukisimulia, isipokuwa kimoja: mama alimwambia kwamba jambo linalomtesa si mtoto wa jirani kuzama. Ni kwamba wale watoto watano waliobaki hawakujua la kufanya, na kijana wake anaamini alitakiwa kuruka.

Asubuhi kulikuwa na ukungu juu ya bwawa na chai ilikuwa na ladha ya gesi. Mama akachukua dumu tupu la lita tano, akalifunga kifuniko kwa nguvu, akafunga kamba ya kuanikia nguo kwenye mpini wake, akamwita kijana. Wakasimama hatua mbili kutoka ukingoni. Akamwambia kwamba mtu akizama hafuatwi majini. Watoto wanaoruka kuokoa wenzao huzama nao. Anayezama hushika chochote kilicho karibu na kukizamisha. Mtu anapiga kelele kuita mkubwa. Anasogeza fimbo ndefu, tawi, kanga, akiwa amelala kifudifudi ili asivutwe. Kama mwenzake yuko mbali, anatupa kitu kinachoelea: dumu, mpira, hata chupa kubwa ya soda iliyofungwa. Dumu tupu linambeba mtoto mpaka msaada ufike.

Alipolijua hayo mama hakusema, lakini simu yake ilikuwa na chaji na usiku ulikuwa mrefu.

Kijana alitupa dumu. Mara ya kwanza likaanguka miguuni pake. Mara ya pili likaenda kulia, kwenye majani. Dada yake akacheka, naye akajaribu, naye akakosa. Baba aliweka mkungu mkavu wa nazi waliokuja nao ukaelea kama mtu wa kuokolewa. Ilichukua karibu robo saa mpaka kijana akaweza kulipeleka dumu kando ya ule mkungu na kulivuta taratibu. Alifanya hivyo mara nane. Babu aliyekuwa akihesabu alisema ni tisa.

Kisha mama akaongeza jambo la mwisho, kwa sababu aliona anafaa kuambiwa. Mtoto akishatolewa majini haninginizwi kichwa chini wala kukandwa tumbo kutoa maji. Kama hapumui, anapuliziwa pumzi mdomoni na kubonyezwa kifua, na hili linafundishwa. Zipo kozi za huduma ya kwanza za Chama cha Msalaba Mwekundu, na mzazi anaweza kuzitafuta. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama siku ile, na dumu, ingewezekana. Mama akamwambia labda. Akamwambia pia kwamba kukosa dumu halikuwa kosa lake.

Wenye siku mbili tatu na nauli zaidi wanaweza kupanda treni ya mwendokasi hadi Morogoro na kuliona bwawa la Mindu, lililozuia Mto Ngerengere ili kuwapa maji watu wa manispaa, likiwa na milima ya kweli nyuma yake. Kanuni za maji ni zilezile. Lakini Pugu ina jambo lake kwa wakazi wa Dar es Salaam, ambalo dereva wa Noah, aliyekuja kuwachukua saa tisa mchana, alikuwa akilijua kuliko abiria wake. Kwenye vilima hivi ndiko Mto Msimbazi unakoanzia, ule unaofurika Jangwani. Na ndiko unakotoka Mto Kizinga, unaoteremka hadi Temeke na kulisha mtambo wa maji wa Mtoni. Tope linaloziba mitaro ya mjini, dereva alisema, lilikuwa udongo wa huku kabla miti haijakatwa.

Safari hii walirudi kwa njia ndefu, Barabara ya Nyerere, Mandela, kisha Kilwa, kwa sababu babu alitaka kushuka Tandika kumsalimia mdogo wake. Alishuka na samaki wawili wadogo ndani ya mfuko wa karatasi, akakataa kusaidiwa kuvuka barabara.

Foleni ilikuwa imeanza. Darajani Mtoni kijana aliamka, akaegemeza paji la uso kwenye kioo na kuutazama Mto Kizinga, mweusi, na chupa tupu za plastiki zikielea. Akauliza kama yale ndiyo maji ya kule. Mama akasema ndiyo, ni yaleyale. Kijana akazitazama zile chupa muda mrefu, midomo yake ikienda, na ilibidi mtu awe karibu sana naye kusikia kwamba alikuwa anazihesabu zenye vifuniko.